Si drone wala tiara: Ndege ya umeme ya rimoti, na pa kuanzia ukiwa Mwanza

Kiangazi kikifika, mpunga ukishavunwa, asubuhi mapema mimi huenda kurusha ndege yangu kwenye majaruba makavu upande wa Kisesa. Watoto hufika kabla betri ya kwanza haijaisha, wakubwa hufuata nyuma yao. Swali la kwanza huwa lile lile: "Hiyo drone inapiga picha?" La pili: "Ikizima si inadondoka kama jiwe?" La tatu aliniuliza kijana mmoja wa bodaboda, na ndilo lililonikalisha chini niandike haya: "Kaka, mimi niliagiza yangu mtandaoni. Iliruka mara moja tu, ikavunjika. Waliniuzia feki?"

Nilimwomba anisimulie. Aliirusha saa tisa alasiri, ufukweni, upepo wa ziwani ukiwa umeshakaza, na ilikuwa mara yake ya kwanza kushika rimoti ya ndege. Ndege yake haikuwa feki. Kilichomshinda ni hewa, na hewa ndiyo inayowashinda wengi wanaoanza hapa kwetu, ilhali wao hudhani wameshindwa na umeme.

Tuanze na majina, maana mkanganyiko unaanzia hapo.

Drone tunayoizoea kwenye harusi na kampeni ina propela nne zinazotazama juu. Inaning'inia hewani kwa nguvu ya mota peke yake, na kompyuta ndogo iliyo ndani yake inarekebisha kila mota mara nyingi kwa sekunde moja. Ukiachia vijiti vya rimoti, drone nyingi za kupigia picha husimama pale pale zilipo. Ndege ya rimoti ni ndugu wa ile inayotua uwanja wa ndege wa Mwanza: ina mabawa, ina mkia, na propela yake inaisukuma mbele tu. Kinachoibeba ni bawa likipita hewani. Ndiyo maana mota ikizima haidondoki kama jiwe. Inateremka kwa mteremko mrefu, nawe bado unaiongoza. Ila haiwezi kusimama hewani ikusubiri ufikirie, na hapo ndipo ugumu wake ulipo.

Kuna vyombo vinavyochanganya yote mawili, na sisi wa kanda hii tumewahi kukiona kimoja. Mwaka 2018, katika mradi wa majaribio wa kampuni ya usafirishaji DHL, shirika la maendeleo la Ujerumani GIZ na watengenezaji wa chombo hicho, Wingcopter, ndege isiyo na rubani ilisafirisha dawa kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Ile ilipaa wima kama drone, kisha ikasafiri kwa mabawa kama ndege. Nadhani ndiyo sababu mojawapo ya watu wengi hapa kuita kila kinachoruka bila mtu "drone".

Na neno "umeme" lisikutishe. Ndege za rimoti zilianza na injini ndogo za mafuta. Ndugu wawili wa Marekani, Walter na William Good, walirusha yao mwaka 1937. Ya umeme iliruka Uingereza mwaka 1957, lakini kwa miaka mingi betri zilikuwa nzito kiasi kwamba wengi waliona ni kupoteza muda. Kilichobadilisha mambo ni betri za lithiamu, jamaa wa zile zilizo kwenye simu yako, pamoja na mota zisizo na brashi ndani. Leo anayeanza hana sababu ya kuhangaika na mafuta, moshi na kelele.

Bawa linabebaje?

Umewahi kukaa dirishani kwenye basi la kwenda Musoma ukatoa kiganja nje kidogo? Ukikilaza sambamba na barabara, upepo unapita tu. Ukiinua upande wa kidole gumba kidogo, mkono wote unapanda wenyewe. Ukizidi kuuinua, kiganja kikawa kama ukuta, mkono hauendi juu tena. Unasukumwa nyuma kwa nguvu na ile raha ya kupanda inakatika.

Hayo ndiyo maisha ya bawa. Linahitaji vitu viwili: mwendo, na mwinamo mdogo wa kuikabili hewa. Mwendo ukipungua sana, au mwinamo ukizidi, bawa linaacha kubeba, mara nyingi upande mmoja kabla ya mwingine, na ndege inapiga ubavu kuelekea chini. Anayeanza akiona ndege inashuka huvuta kijiti ili pua ipande. Anaongeza mwinamo, anapunguza mwendo, na anaimalizia mwenyewe. Dawa yake ni kinyume cha hisia: legeza kijiti, acha pua ishuke kidogo, ongeza mota, ndege ikipata mwendo ndipo uiinue.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo wa Dar es Salaam hana. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani, na jua la mchana huipunguza zaidi. Propela inashika hewa kidogo zaidi, na bawa linataka mwendo mkubwa kidogo ili libebe uzito ule ule. Kwa hiyo ndege inayopaa kwa nusu ya nguvu kule pwani, hapa ipe zaidi, na usiipakie vikorombwezo visivyo na kazi.

Kuhusu kuiongoza, simama siku moja mwaloni Kirumba umtazame mwewe anayezunguka juu ya wachuuzi wa samaki. Mtazame mkia. Ataupinda kidogo, upande mmoja chini, mwingine juu, na mwili wote utageuka bila bawa kupigwa hata mara moja. Ndege ya kujifunzia inafanya karibu vivyo hivyo. Ina kipande cha mkia kinachopandisha na kushusha pua, tunakiita elevata, na usukani wa mkia unaoigeuza kushoto na kulia. Ukiongeza kijiti cha mota, hizo ni chaneli tatu, yaani vitu vitatu unavyoviongoza kwa rimoti, na zinatosha kabisa kuanzia. Chaneli ya nne ni ya eleroni, vile vipande vya ukingo wa nyuma wa mabawa vinavyoilaza ndege ubavu. Nzuri, lakini zinaweza kusubiri.

Betri, kwa mfano wa tangi la maji

Hapa ndipo wengi hupotelea kwenye namba. Betri ya kawaida ya ndege ya kujifunzia imeandikwa 3S, 2200 mAh, 25C. Fikiria tangi la maji lililoinuliwa juu ya mnara nyumbani.

3S ni urefu wa mnara. Maana yake seli tatu zimepangwa moja baada ya nyingine, kila moja volti 3.7 za kawaida, jumla 11.1. Mnara mrefu, msukumo mkubwa. Namba ya 2200 ni ukubwa wa tangi: kiasi cha umeme kilichohifadhiwa, na mAh 2200 ni sawa na ampea-saa 2.2. Na 25C inakueleza unene wa bomba, yaani betri inaweza kumwaga umeme kwa kasi gani bila kuumia. Zidisha 2.2 kwa 25 unapata ampea 55, zaidi ya mahitaji ya ndege ndogo.

Betri ya simu ina tangi zuri lakini bomba lake ni jembamba mno. Ndiyo maana wanaofungua simu za zamani na kuunganisha betri zake hawafiki popote, na wanahatarisha vidole na nyumba.

Ndege ya kilo moja ya kujifunzia hutaka kama wati 200 ikiwa inapaa, yaani umeme wa feni nne za mezani hivi. Ikitumia ampea 15 kwa wastani, betri ile ingeisha baada ya dakika karibu 9. Lakini usiimalize. Tua ukiwa umetumia asilimia 80, yaani dakika 7. Seli ya lithiamu ikishuka chini ya volti 3 inaharibika, na haiponi. Ikijaa kabisa ni volti 4.2. Ukiiweka kabatini kwa wiki nzima, iache kwenye 3.8, chaja nzuri ina sehemu ya kufanya hivyo yenyewe.

Watu huniambia, "Si uweke betri kubwa mara mbili, iruke mara mbili?" Haiwi hivyo. Betri kubwa ni uzito, uzito unataka mwendo, mwendo unataka umeme. Unapata dakika chache za ziada, na unapoteza ule upole unaomsaidia mwanafunzi.

Nakuomba hili ulichukue kwa uzito: betri hizi zikichajiwa vibaya huwaka moto, na moto wake ni mkali. Tumia chaja iliyotengenezwa kwa ajili ya betri hizi, inayosawazisha seli. Usitumie chaja ya betri ya gari wala ya simu. Kwa betri yetu ya mfano, chaji kwa ampea 2.2. Iweke juu ya sakafu ya vigae au ndani ya sufuria kuukuu yenye mchanga, mbali na pazia na godoro, na usiondoke ukaenda sokoni. Ikivimba hata kidogo, imekwisha kazi, hata kama bado inawasha mota.

Upepo: mvuvi anaujua, wewe ujifunze kwake

Watu wa mwambao huu wana elimu ambayo vitabu vya ndege huitumia kurasa nyingi kuieleza. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na mitumbwi ya matanga huutumia kutoka. Mchana nchi kavu inapata joto, hewa yake inapanda, na upepo wa ziwani unaingia kujaza nafasi. Ndio unaowarudisha wavuvi nyumbani. Kati ya pepo hizo mbili kuna muda wa utulivu, na huo ndio wako. Siku nyingi ni kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Ikifika saa tano, bendera na majani ya migomba yatakuambia upange virago.

Kwa nini nasisitiza? Piga hesabu. Ndege yako inasafiri hewani kwa kilomita 35 kwa saa, na upepo ni kilomita 25 kwa saa. Ukiigeuza iende na upepo, inakwenda kilomita 60 kwa saa kwa kuitazama kutoka chini. Ndani ya sekunde 10 imeshafika mita 167. Unaposhtuka na kuigeuza irudi, sasa inakuja kwa kilomita 10 tu kwa saa, na umbali ule ule utaichukua dakika nzima. Kwa macho yako inaonekana imeganda. Mtu anapaniki, anasema rimoti imekata.

Rimoti mara nyingi haijakata. Redio za kisasa za gigahezi 2.4, zikiwa na risiva kamili (kile kipokezi kilicho ndani ya ndege), hufika mbali kuliko macho yako yanavyoweza kutambua bawa la mita moja na robo liko ubavu gani. Kilichokatika ni uwezo wa kuiona. Hata hivyo, ipange risiva izime mota yenyewe ikipoteza mawasiliano, na kila siku kabla ya kurusha jaribu kwa umbali ukiwa bado ardhini.

Kuna mtego mwingine kwenye upepo huo huo. Ndege ikienda na upepo inaonekana ina kasi ya kutisha, na mwanafunzi hupunguza mota. Ndege inaanguka, naye anaapa kwamba upepo wa nyuma umeisukuma chini. Fikiria uko kwenye kivuko cha Kamanga, unatembea juu ya sitaha kuelekea mbele. Aliye ufukweni anaona unakwenda mbio. Wewe unajua hatua zako ni zile zile. Hewa ndiyo kivuko cha ndege. Ndege haijui kama ardhi ipo, inajua tu hewa inayopita bawani. Ukipunguza mota kwa sababu ya kile unachokiona wewe wa ufukweni, umeinyima mwendo ambao kwake ulikuwa wa kawaida kabisa.

Mahali betri inapokaa

Ndege yangu ya kwanza niliiharibu kwa sentimita tatu. Betri ilikuwa inaingia kwa shida kwenye kijumba chake, nikaisukuma nyuma kidogo ili mfuniko ufunge. Ilipotoka mkononi ilinyanyua pua peke yake. Niliisukuma chini, ikapiga mbizi. Nikavuta, ikanyanyuka tena, juu zaidi, mpaka ikasimama karibu wima na mota ikilia, kisha bawa la kushoto likalegea na ikaja chini. Nakumbuka nilivyookota propela iliyovunjika katikati na kuona ncha yake ina udongo mweusi wa jaruba.

Umeona bodaboda iliyopakia magunia mawili ya mkaa nyuma kabisa? Gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani ukiugusa tu unayumba. Ndege iliyo nzito mkiani iko hivyo hivyo. Maelekezo yake hutaja mahali pa kupimia. Kama hayapo, chukua upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, hesabu kama robo yake kutoka mbele, weka ncha za vidole viwili hapo chini ya mabawa, uinyanyue. Inapaswa kutulia, au kuinamisha pua kidogo. Ikikaa mkia chini, usiirushe. Sogeza betri mbele. Pima hivyo kila safari, betri ikiwa ndani.

Nini cha kununua kwanza

Tafuta ndege yenye bawa juu ya mwili, mabawa yaliyoinuka kidogo kwenye ncha kama herufi V iliyofunguka sana, na propela nyuma au mbele isiwe hoja. Umbo hilo hujirudisha lenyewe likilala ubavu. Iwe ya foamu ngumu inayopindika, si ile nyeupe inayokuja na TV mpya, ambayo humumunyuka ukiipaka supagluu ya kawaida. Zile ndege za kivita zenye rangi nzuri ziache. Mabawa yake madogo yanataka mwendo, nawe bado hujapata macho ya kwenda nayo.

Weka pesa nyingi kwenye rimoti na chaja. Ndege utavunja, rimoti nzuri utarusha nayo ndege ya tano. Na kabla ya yote, nunua au pakua programu ya kujifunzia kwenye kompyuta na uunganishe rimoti yako kwa waya. Humo utaanguka mara mia bila gharama, na utajifunza jambo linalowasumbua wote: ndege ikija inakutazama, kushoto kwako ni kulia kwake, kama mtu mliyekabiliana uso kwa uso. Njia ninayoitumia: ndege ikija kwangu, napeleka kijiti upande wa bawa lililoshuka, kama ninayelichomekea gogo chini lisianguke.

Ukiagizia mtu anayesafiri, mwambie betri za ziada hazipakiwi kwenye begi la mzigo, zinakaa naye ndani ya ndege. Betri yetu ya mfano ni kama wati-saa 24, na mashirika huruhusu hadi 100 bila kibali maalumu, ncha za waya zikiwa zimefunikwa.

Halafu kuna sheria. Wengi husema, "Hii si drone, hainihusu." Usitembee na imani hiyo. Anga ina mwenyewe, na mwenyewe ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, inayosimamia vyombo vinavyorushwa bila rubani ndani yake. Waulize kuhusu kibali kabla ya kuagiza, maana mzigo unaweza kukwamia forodhani. Uwanja wetu wa ndege uko pembeni ya ziwa, Ilemela, na ndege za abiria hushuka chini sana zikikaribia. Upande huo wote usirushe. Mwenye shamba muombe ruhusa, na serikali ya mtaa au kijiji ijue upo.

Usirushie ufukweni hata kama panapendeza. Upepo hauko sawa karibu na mawe makubwa, na ndege ikianguka majini utataka kuifuata. Ziwa lina kichocho, na sehemu nyingine lina mamba. Msubiri mwenye mtumbwi. Ikipatikana, chomoa betri kwanza, mengine yakauke kivulini siku mbili.

Asubuhi ya kwanza

Washa rimoti kwanza, kijiti cha mota kikiwa chini kabisa, ndipo uchomeke betri ya ndege. Kuanzia hapo ichukulie propela kama panga linalozunguka: mota ya umeme ikikwama kwenye kidole haizimiki kama ya mafuta, inazidi kusukuma. Watoto wakae nyuma yako, wote, hata yule anayekusaidia kuokota. Sogeza vijiti uone mkia unakwenda upande sahihi. Kabili upepo. Ongeza mota, irushe mbele ikiwa imelala sawa, usiielekeze juu.

Iache ipande mpaka kimo cha minazi miwili kabla hujaigeuza. Kimo ndicho muda wako wa kusahihisha kosa. Zunguka kwa duara kubwa, ndege ikiwa mbele yako daima, isipite juu ya kichwa. Dakika ya tano anza kujipanga kutua: ishushe pole pole ikikabili upepo, punguza mota, iweke sawa, na ikifika kimo cha goti zima mota kabisa na uvute elevata kidogo tu. Itagusa mabua ya mpunga na kuteleza hatua mbili tatu. Iendee, chomoa betri ya ndege, ndipo uzime rimoti.